Mzizi wa Nebraska na kidonge cha zinki: safari mbili za ushahidi

Tuanze na nyoka. Katikati ya miaka ya 1880, mhamiaji mmoja kutoka Ujerumani aitwaye H. C. F. Meyer alikuwa akiuza dawa ya chupa huko Pawnee City, jimbo la Nebraska, Marekani. Aliiita dawa ya kusafisha damu, na kwa maneno yake ilitibu karibu kila kitu, hata sumu ya nyoka. Meyer aliwaandikia wataalamu wawili wa dawa za mimea mjini Cincinnati, John King na John Uri Lloyd, akiwaomba waichunguze. Walisita. Basi akawapa ofa: yuko tayari kufunga safari mpaka Cincinnati, aumwe na nyoka mwenye njuga mkiani mbele ya macho yao, kisha ajitibu kwa dawa yake.

King na Lloyd walikataa. Lakini hebu fikiria wangekubali, na Meyer akapona. Tungejifunza nini? Ukweli ni kwamba tungejifunza kidogo sana. Watu wengi wanaoumwa na nyoka yule hawafi, na mara nyingine nyoka huuma bila kutoa sumu kabisa. Mtu mmoja aliyepona hatuambii angekuwaje bila dawa. Shida hiyohiyo ipo kila jirani anapokwambia, "Mimi nilitumia, nikapona siku ya tatu."

Mmea wa Meyer leo unauzwa duniani kote kwa jina la Echinacea, kama kirutubisho cha kukinga na kutibu mafua. Mara nyingi kopo lake hukaa jirani na kopo la zinki, ambayo ni madini, nayo inauzwa kwa ahadi ileile. Watu wengi wana majibu tayari kuhusu vitu hivi viwili. Wapo wanaosema mmea ni wa asili kwa hiyo ni salama. Wapo wanaosema madini ni sayansi na mmea ni imani tu. Historia ya hivi viwili inaonyesha kwamba makundi yote mawili yanaharakisha mambo. Na sehemu muhimu kabisa ya historia hiyo, kama utakavyoona, ilitokea kisiwani Pemba.

Mmea uliobadilishwa njiani

Kabla ya Meyer, wenyeji wa asili wa nyanda za kati za Marekani, wakiwemo Walakota, Wacheyenne na Waomaha, walikuwa wakitumia mzizi wa mmea huu kwa maumivu ya meno, koo, vidonda na kuumwa na nyoka. Jina la kisayansi linatokana na neno la Kigiriki la kalunguyeye, kwa sababu ya kitovu cha ua lake chenye miiba miiba.

Meyer hakujua hata jina la mmea aliokuwa akiuuza. Alipotuma mmea mzima Cincinnati, ndipo ukatambuliwa kuwa ni Echinacea angustifolia. King aliandika habari zake mwaka 1887, na kampuni ya ndugu wa familia ya Lloyd ikaanza kuutengenezea dawa. Madaktari wa kundi lililojiita Eclectic, ambao walitegemea sana mimea, waliupenda mno. Upande wa pili, baraza la dawa la Chama cha Madaktari cha Marekani liliukataa mwaka 1909, kwa hoja kwamba madai yake hayakuwa na ushahidi wa kuridhisha. Zingatia hapa: hakuna upande uliokuwa umefanya jaribio la kulinganisha wagonjwa. Mmoja ulisema "tumeona inafanya kazi", mwingine ukasema "hamjathibitisha". Ule wa pili ulikuwa sahihi, lakini nao haukwenda kupima.

Miaka ya 1930 mmea ukavuka bahari. Gerhard Madaus, mtengenezaji dawa wa Ujerumani, alikwenda Marekani kutafuta mbegu za E. angustifolia. Alizinunua Chicago, akazipanda kwao, na zilipoota zikaonekana ni za aina nyingine, Echinacea purpurea. Akaendelea na hiyo hiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya utafiti wa Ulaya umefanywa kwa aina ambayo siyo ile ya Meyer, na kwa juisi ya mmea mbichi badala ya mzizi uliolowekwa kwenye pombe.

Unaweza kusema, "Kwani kuna tofauti gani, si Echinacea zote?" Ipo tofauti kubwa. Kemikali zilizomo hutegemea aina ya mmea, sehemu iliyotumika (mzizi, jani au ua), msimu wa kuvuna na namna ya kukamua. Makopo mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na vitu viwili tofauti. Kwa hiyo mtu akiuliza "Je, Echinacea inafanya kazi?" inabidi umuulize kwanza: ipi?

Madini yaliyogunduliwa kwa kukosekana

Safari ya zinki ilianza kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1869 mwanasayansi Mfaransa Jules Raulin alionyesha kwamba ukungu mweusi uitwao Aspergillus niger haukui vizuri bila zinki. Mwaka 1934 watafiti wa Marekani walionyesha jambo hilohilo kwa panya. Lakini kwa binadamu wengi waliamini upungufu wa zinki hauwezekani, kwa kuwa madini haya yamo katika vyakula vingi.

Mwaka 1958, daktari kijana kutoka India, Ananda Prasad, alikuwa akifanya kazi Shiraz, Iran. Akaletewa mgonjwa wa miaka 21 aliyekuwa na umbo la mtoto wa miaka 10. Hakuwa amebalehe, alikuwa na upungufu mkubwa wa damu, alikula zaidi mkate usiochachushwa, hakupata nyama, na alikuwa na mazoea ya kula udongo. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wengi tu vijijini. Chuma kilieleza upungufu wa damu, lakini hakikueleza kwa nini hawakui. Prasad akashuku zinki, kisha akaendelea na utafiti Misri, ambako yeye na wenzake walipima na kukuta vijana wa aina hiyo wana zinki kidogo mwilini. Walipopewa zinki, wakakua na kubalehe.

Kiini cha tatizo kilikuwa kwenye chakula. Nafaka zisizokobolewa na kunde zina kitu kiitwacho fitati, ambacho hushikana na zinki tumboni na kuizuia isifyonzwe. Ndiyo kusema unaweza kushiba kila siku na bado ukapungukiwa. Kuchachusha husaidia kuvunja fitati, jambo linaloupa uji wa kuchachushwa sifa ambayo pengine bibi zetu hawakuitafuta lakini waliipata.

Sasa linganisha. Swali la zinki lilianza na upungufu unaoweza kupimwa: nani hana, kiasi gani, na akipewa nini kinabadilika? Tena zinki ni zinki. Miligramu 20 za leo ni miligramu 20 za kesho, Dodoma au Delhi. Echinacea haikuwa na swali kama hilo, kwani hakuna binadamu mwenye upungufu wa Echinacea. Madai yake yalikuwa kwamba inaongeza kitu kwa mtu ambaye hajapungukiwa kitu. Hayo yanawezekana, dawa nyingi hufanya hivyo, lakini ni mzigo mzito zaidi wa kuthibitisha.

Uwanja mmoja: mafua

Tukitaka kuwa waadilifu, tuviweke vyote viwili kwenye uwanja mmoja. Mafua yanafaa, kwa sababu mbili. Kwanza, vyote vimejaribiwa huko. Pili, mafua huisha yenyewe ndani ya wiki hivi, kwa hiyo chochote utakachokunywa kitaonekana kimekuponya. Bila kundi la kulinganisha, utadanganyika tu.

Kwa Echinacea, majaribio makubwa yalikuja baada ya mwaka 2000. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya watoto 407 wa Marekani waliogawanywa kwa kura: wengine walipewa Echinacea, wengine plasebo, yaani kitu chenye sura ileile kisicho na dawa ndani. Muda wa kuugua haukutofautiana, ila vipele vya ngozi vilionekana zaidi kwa waliopewa Echinacea, takriban asilimia 7 dhidi ya 3 ya vipindi vya ugonjwa. Mwaka 2005, watafiti waliwachukua watu wazima 437 waliojitolea, wakawapa dawa ya mzizi au plasebo na kuwawekea puani virusi vya mafua. Hakuna tofauti ya maana iliyoonekana. Watetezi wa mmea wakalalamika kwamba dozi ilikuwa ndogo, na wewe sasa unajua kwa nini lalamiko la aina hiyo haliishi: kila jaribio linapima bidhaa moja tu. Mwaka 2010, jaribio la watu 719 lilionyesha mafua yakipungua kwa nusu siku hivi, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Mwaka 2014, watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 24 yenye washiriki zaidi ya 4,600. Hitimisho lao ni la tahadhari: bidhaa hizi hazijathibitika kutibu mafua, ingawa baadhi zinaweza kuwa na faida ndogo ya kukinga, faida ambayo huenda mtu asiione kwa macho.

Na zinki je? Hapa wapenda madini wakae vizuri, maana hadithi yake haina tofauti sana na ya Meyer. Mwaka 1979 mpangaji miji mmoja wa Texas, George Eby, alimpa binti yake wa miaka 3, aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu, kidonge cha zinki. Mtoto akakataa kukimeza, akakimumunya, na dalili za mafua zikapotea ndani ya saa chache. Mtu mmoja akapona, basi! Lakini Eby alifanya jambo ambalo Meyer hakulifanya: alitafuta wenzake wakaandaa jaribio. Mwaka 1984 walichapisha matokeo ya watu 65. Baada ya siku 7, asilimia 86 ya waliomumunya zinki hawakuwa na dalili, dhidi ya asilimia 46 ya wale wa plasebo.

Matokeo ya kusisimua, ila yalikuwa na tundu. Zinki ina ladha mbaya inayokaa mdomoni, kwa hiyo mshiriki aliweza kubahatisha kama amepewa dawa au la. Na anayejua amepewa dawa huripoti nafuu mapema. Majaribio yaliyofuata yakapishana. Mwaka 1996, jaribio la wafanyakazi 100 wa hospitali lilikuta dalili zikiisha kwa siku 4.4 badala ya 7.6. Mwaka 1998 watafiti wa hospitali hiyohiyo wakajaribu kwa wanafunzi 249, hawakuona faida yoyote. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2024, wenye majaribio 34, unasema zinki inakinga mafua kidogo sana au haikingi kabisa. Mtu akishaugua, huenda ikafupisha siku kama mbili, lakini uhakika wa ushahidi huo ni mdogo, na kichefuchefu na ladha mbaya huongezeka. Zaidi ya hapo, mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu waache dawa za zinki za kuweka puani, baada ya taarifa nyingi za watumiaji kupoteza uwezo wa kunusa.

Kwa hiyo kwenye mafua, zinki iko mbele kidogo, siyo mbali. Mtu akikuambia moja ni sayansi na nyingine ni porojo, mwombe akuonyeshe namba.

Zinki ilipokwenda kwa wanaoihitaji

Tofauti kubwa inaonekana ukihama kutoka mafua kwenda kuharisha kwa watoto, tena katika nchi ambazo zinki ni adimu kwenye sahani. Mtoto anayeharisha hupoteza zinki, na utumbo wake unaihitaji ili upone. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 937 wa New Delhi. Waliopewa zinki walikuwa na uwezekano mdogo wa kuendelea kuharisha, pungufu kwa asilimia 23 kulinganisha na wenzao. Nchi nyingine zikarudia, na mwelekeo ukawa uleule. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa pendekezo la pamoja: mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama hajafikisha miezi 6.

Hata hapo watafiti hawakuacha kuuliza. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba faida ipo kwa watoto wa zaidi ya miezi 6: kuharisha kunapungua kwa nusu siku hivi, na kwa wenye utapiamlo kwa karibu siku nzima. Kwa wachanga zaidi, faida haikuonekana. Mwaka 2020 likachapishwa jaribio la watoto 4,500 wa India na Tanzania, lililouliza kama dozi inaweza kupunguzwa. Miligramu 5 au 10 zilifanya kazi sawa na 20, na watoto waliotapika walikuwa wachache zaidi: takriban asilimia 14 na 16, badala ya 19. Kwa mzazi anayepambana na mtoto anayetema dawa, hilo si jambo dogo.

Pemba, 2003

Sasa tufike Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walioshirikiana na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri waliuliza swali lililoonekana rahisi: watoto wadogo wakipewa chuma na asidi ya foliki, au zinki, au vyote, je, vifo na magonjwa makali vitapungua? Watoto wengi kisiwani walikuwa na upungufu wa damu. Kuwapa chuma lilikuwa ndilo pendekezo la kawaida duniani. Wengi wangesema hakuna haja ya kupima.

Walipima. Watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waliingizwa kwenye sehemu ya chuma ya utafiti huo. Kamati huru ya usalama ilikuwa ikiangalia takwimu kazi ikiendelea, na Agosti 2003 ikasema simamisheni chuma. Waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na wadudu wengi wa magonjwa hutumia chuma kama tunavyokitumia sisi. Utafiti wa namna hiyohiyo uliofanywa Nepal, mahali pasipo malaria, haukuonyesha madhara hayo.

Kuna jambo jingine ndani ya takwimu hizo. Katika kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu tangu mwanzo, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Hatari ilielekea kuwa kwa wale ambao hawakuwa na upungufu. Kitu kilekile, kisiwa kilekile, matokeo tofauti kulingana na nani anapungukiwa.

Baada ya hapo mwongozo wa kimataifa ulibadilishwa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba palipo na huduma nzuri za kukinga na kutibu malaria, chuma kinaweza kutolewa bila kuongeza malaria. Na zinki? Matokeo ya watoto zaidi ya 42,000 wa Pemba yalichapishwa mwaka 2007. Vifo vilipungua kwa asilimia 7, tofauti ndogo ambayo haikuweza kutofautishwa na bahati. Zinki inayosaidia mtoto anayeharisha haikuthibitika kupunguza vifo kwa kupewa watoto wote kila siku.

Basi tuulize nini?

Ukisoma safari hizi mbili kwa pamoja, maswali manne yanajirudia. Ukiambiwa kuhusu mlonge, mwarobaini, chuma au kidonge chochote, yatumie.

Kwanza, ni kitu gani hasa? Kwa mmea, aina gani, sehemu gani, imeandaliwaje, kiasi gani? Unga wa majani ya mlonge siyo mbegu za mlonge.

Pili, ni kwa nani? Anayepungukiwa na asiyepungukiwa si watu wa kupewa jibu moja.

Tatu, walilinganishwa na nani? Kama hakuna kundi jingine, una hadithi, na hadithi inaweza kuwa ya kweli bila kuwa ushahidi.

Nne, nani alihesabu madhara? Vipele vya watoto wa 2003 na vifo vya Pemba vilijulikana kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye daftari akihesabu. Mmea usiojulikana madhara yake mara nyingi ni mmea ambao hakuna aliyeyahesabu, na hilo ni deni letu sisi watafiti wa ukanda huu kwa mimea yetu.

Kwa matumizi ya leo: ukiwa na mafua na ni mtu mwenye afya, huna hasara kubwa ukiviacha vyote viwili dukani. Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS mapema, mpeleke kituo cha afya, na uulize kuhusu zinki. Akiharisha damu, akilegea au akishindwa kunywa, usisubiri kesho.